Kufifisha balbu ya 240 V kwa Arduino bila kupepesa

Ukifunga trayaki (swichi ya kielektroniki ya stima ya AC) kwenye Arduino, bodi ndogo unayoiandikia programu, kisha ukaandika amri ya analogWrite, taa haitafifia. Itapepesa vibaya au iwake yote, nawe utadhani umeuziwa trayaki mbovu. Trayaki ni nzima. Tabia yake ni kwamba ukishaiamsha kwa mpigo mdogo kwenye geti (mguu wake wa kuamshia), haizimiki tena mpaka mkondo ushuke hadi sifuri. Kwa stima yetu ya hezi 50, sifuri hiyo huja mara 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10. PWM ya Arduino Uno, yaani mipigo ya kuwasha na kuzima inayotolewa na analogWrite, hupiga karibu mara 490 kwa sekunde, bila habari yoyote ya mahali wimbi la stima lilipo. Kufifisha taa basi ni kazi ya saa: ngoja sifuri, chelewa kidogo, amsha trayaki, rudia.

Anza na kinachoitafuta hiyo sifuri, kwa sababu hapo ndipo saketi nyingi zinapoharibikia. Chukua resista mbili za 47 kΩ, nusu wati kila moja, moja kwenye laivu na nyingine kwenye nyutro. Zipeleke kwenye daraja la daiodi nne za 1N4007, na daraja liwashe LED ya ndani ya optokapla PC817, kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga ili stima isifike kwenye Arduino. Upande wa pili, wa transista yake, emita iende graundi, na kolekta iende pini ya 2 ya Arduino pamoja na resista ya 10 kΩ inayopanda 5 V. Usijaribu kubana matumizi kwa resista moja. Zikiwa mbili, joto la jumla ni karibu wati 0.6 na kila moja inabeba nusu yake. Isitoshe, kilele cha wimbi hufika kama 340 V, na resista nyingi za robo wati zimetengenezwa kuhimili 250 V tu.

Sasa angalia mpigo unaotoka hapo. Wimbi likikaribia sifuri, LED ya PC817 huzimika mapema, hivyo pini ya 2 inapanda nusu milisekunde hivi, pengine zaidi, kabla ya sifuri yenyewe. Sifuri halisi iko katikati ya mpigo. Pima upana wa mpigo, gawanya kwa mbili, na uongeze kiasi hicho kwenye uchelewesho wako. Asiyefanya hivi hukutana na kituko kimoja: akiweka mwanga wa juu kabisa, mpigo wa geti unaangukia mwisho wa nusu-wimbi lililotangulia na taa inapepesa au inafifia ghafla. Baada ya marekebisho hayo, bado mimi hufunga uchelewesho kati ya milisekunde 1 na 8.5. Mwanga unaokatwa hapo hakuna jicho litakalougundua.

Upande wa kuamsha, nunua MOC3021, optokapla ya kuamshia trayaki. Luthuli Avenue, Nairobi, utaipata, lakini soma namba mwenyewe kabla ya kulipa. MOC3041 na MOC3063 zinafanana nayo kwa umbo, ila zina saketi ya ndani inayokataa kuwaka mahali pengine isipokuwa karibu na sifuri, kwa hiyo zinafaa kuwasha na kuzima tu. Relei nyingi za SSR (relei za kielektroniki) zina kasoro hiyo hiyo kwa kazi hii. Pini ya 3 ya Arduino ipitie resista ya 220 Ω kwenda LED ya MOC3021, ambayo huhitaji hadi mA 15. Mguu wa 6 wa MOC3021 uende MT2 ya trayaki (MT1 na MT2 ndiyo miguu yake miwili mikuu) kupitia resista ya 360 Ω, mguu wa 4 uende geti. Ukikosea ukaupeleka mguu wa 6 kwenye MT1, taa haitawaka kabisa.

Kwa trayaki napendelea BTA16-600 kuliko BT136, na sababu si nguvu. Balbu ya wati 60 hula robo ampia tu, zote mbili zinaimudu bila hata kupata joto. Lakini bapa la chuma la mgongoni mwa BT136 limeungana na MT2: ukiliegemeza kwenye kipande cha alumini, alumini hiyo sasa ina stima. La BTA limetengwa.

Kwenye programu, usikae ndani ya intarapti (kipande cha programu kinachokatiza kazi nyingine pini ikibadilika) ukisubiri kwa delayMicroseconds. Kila kitu kingine kitasimama. Tumia Timer1, saa ya ndani ya Arduino, na kigawanyi cha 8, ambapo hesabu moja ni nusu mikrosekunde na nusu-wimbi zima ni hesabu 20,000. Pini ya 2 ikipanda, anzisha taima. Taima ikifika, inua pini ya 3 kwa mikrosekunde 100, kisha ishushe.

Mwanga nao haufuati mstari ulionyooka. Balbu ya nyuzi ukiichelewesha ms 2.5 bado inapata asilimia 91 ya nguvu, ms 7.5, asilimia 9 tu. Kwa robo tatu weka ms 3.7, kwa nusu ms 5, kwa robo ms 6.3. Weka namba hizi kwenye jedwali, na ukigeuza kitasa cha kurekebisha mwanga, taa itabadilika kwa ulaini.

Balbu za LED zichague zilizoandikwa kwenye boksi kuwa zinafifishika. Hata hizo, ikiwa moja tu ya wati 5, huenda mkondo wake usitoshe kuishikilia trayaki, ikapepesa. Funga balbu ya nyuzi ya wati 40 sambamba nayo uone tofauti. Zile za kuokoa stima za mrija wa kujikunja zisiguswe.

Kuhusu usalama sina mzaha. Bredibodi, ubao wa kuchomeka vipande bila kulehemu, si ya 240 V, kamwe. Kwenye Veroboard (ubao wenye mistari ya shaba), kata na ubandue shaba yote chini ya optokapla hadi pabaki angalau milimita 6 tupu kati ya pande mbili. Weka fyuzi ya 1 A kwenye laivu, na ndani ya plagi toa fyuzi ya 13 A uweke ya 3 A. Chomoa plagi kabla ya kugusa chochote. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Mara ya kwanza kuweka stima, Arduino iwe kwenye chaja yake, si kwenye laptopu. Na ukitaka kuhamishia dima (kifaa hiki cha kufifisha) ukutani, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Jambo la mwisho ni stima ikipotea. Jenereta ya ploti haishiki hezi 50 sawasawa, na inveta za bei nafuu hutoa wimbi la mraba ambalo sifuri yake haieleweki. Acha programu ipime muda kati ya sifuri mbili kila mara. Ikipata chini ya ms 9 au zaidi ya ms 11, isiguse geti mpaka hali itulie.