Kabla ya Kulaumu Protini, Tazama Ukuta

Juzi dada mmoja anayesoma uzamili aliniandikia: “Kaka, vilele vyangu vyote vina mikia. Nimebadilisha bafa mara tano, nifanyeje?” Vilele ni alama za grafu zinazoonyesha protini zikipita, mkia unaonyesha zinachelewa njiani, na bafa ni kimiminika zinamopita. Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu ulipotelea hapo hapo.

Nilikuwa natenganisha protini kwa umeme katika chipu za akriliki, aina ya plastiki, zenye vijifereji vyembamba kuliko unywele. Protini yangu ilikuwa lisozaimu, ile ya ute wa yai. Katika pH 8 ina chaji chanya, nayo haiishiwi chaji hiyo mpaka karibu pH 11. Ukuta wa akriliki una chaji hasi kidogo, tena haupatani na maji. Lisozaimu ikipita inanata, na kilele kinakuwa kilima.

Mwaka 1985 Stellan Hjertén wa Uppsala alichapisha njia ya kupaka poliakrilamidi, polima inayozuia protini kunata, ndani ya mirija ya kioo. Niliifuata hatua kwa hatua, mpako haukushika. Silani, kemikali inayotangulia kupakwa ili kushikilia mpako, hujifunga kwenye kioo. Kwenye akriliki haina pa kujifunga. Nikahamia polima nyingine, polivinili alkoholi, ambayo kwenye kioo hukaushwa kwa nyuzi 140 hivi. Akriliki hulainika karibu na nyuzi 105. Nilipofungua oveni, chipu zote kumi na mbili zilikuwa zimejikunja.

Katika kikao cha wiki ile niliambiwa mbele ya wenzangu kwamba labda kazi hii si yangu. Maneno yale bado yananiuma.

Kilichoniokoa ni benzofenoni, kemikali inayoamshwa na mwanga, pamoja na mwanga wa urujuanimno. Benzofenoni hujipenyeza kwenye uso wa plastiki. Ukiimulika, minyororo ya poliakrilamidi inaota kutoka ukutani kwenyewe. Lakini toa kwanza oksijeni kwa kupitisha naitrojeni, la sivyo polima haikui. Vaa glavu pia, akrilamidi, malighafi ya poliakrilamidi, ni sumu ya neva. Siku vilele vilipotoka vyembamba, nilikaa maabara hadi usiku nikirudia tu, navyo vikatoka vile vile.

Kwa hiyo dada, iache bafa. Shughulikia ukuta. Na ninyi wengine mnaochukua maelekezo ya kioo na kuyamwaga kwenye plastiki, acheni! Ulizeni kwanza mpako unashikwa na nini, na plastiki yenu inavumilia joto gani. Pimeni chipu moja isiyopakwa kando ya iliyopakwa, kila siku, hata mkichoka. Mimi sikupima, na ndiyo maana nilimaliza miezi nikiilaumu lisozaimu.