Mbunge tumtume au tumwamini? Maswali yenu wiki hii

Tulimwambia mbunge wetu akapinge tozo. Kafika bungeni, kaunga mkono. Huo si usaliti? (Msomaji, Iringa)

Inategemea alirudi lini kuwaeleza. Mwaka 1774 mwanasiasa Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa jimbo lake la Bristol, Uingereza, kwamba mbunge anadaiwa zaidi ya bidii: anadaiwa pia akili yake ya kupima mambo, na akiiweka kando ili awafurahishe, hapo ndipo anapowasaliti. Wabunge wengi wanayapenda maneno hayo. Wanachosahau ni kwamba Burke aliyalipia. Alitetea biashara ya Waairishi na haki za Wakatoliki, Bristol ikanuna, na mwaka 1780 akajitoa kwenye kinyang'anyiro alipoona hashindi. Dhamiri yake ilimgharimu jimbo. Muulize wa kwenu imemgharimu nini.

Mimi kosa la kubadili msimamo naweza kulisamehe. La kukaa kimya, hapana. Nimehudhuria mikutano ya wabunge chini ya mwembe: hotuba saa nzima, maswali matatu, la nne "muda umetutupa mkono", halafu vumbi la gari.

Kwani ugumu uko wapi? Si afuate wengi wanachotaka? (Msomaji, Tanga)

Ndugu yangu, wewe unayepiga kura leo ukiwa na vyama kibao vya kuchagua, hukupewa hilo na wengi. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza: chama kimoja au vingi? Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema tubaki na kimoja. Tume ikapendekeza vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wangehesabu vichwa tu, sijui tungekuwa wapi. Hata Uingereza, Bunge liliposimamisha hukumu ya kifo kwa wauaji mwaka 1965, mtaani wengi walikuwa bado wanataka kitanzi.

Ila usinielewe vibaya. Hayo ni mambo ya misingi. Kama wananchi wa Pangani wanasema daraja kwanza, mbunge hana dhamiri ya kushindana na daraja.

Jimbo linasema hivi, chama vile, moyo wake unasema lingine. Amsikilize nani? (Msomaji, Dodoma)

Hapa ndipo penyewe. Tunabishana dhamiri na wananchi, kumbe mwenye rungu ni wa tatu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 71, inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge umekwisha. Chama kikimvua uanachama leo, kesho ni raia kama wewe. Bajeti nayo ina mtego wake: Bunge likiikataa, ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja. Nani atasema "hapana" huku akijua huenda anarudi kuomba kura?

Miswada mingine mingi inapita kwa sauti. Spika anahoji, ukumbi unanguruma "ndiyooo", "waliosema ndiyo wameshinda", imekwisha. Ukimuuliza mbunge wako alisema nini, atakujibu unachotaka kusikia. Dai kwanza kura za majina, kila mbunge aitwe na jibu lake liandikwe. Mjadala wa dhamiri utafuata.

Juni 25, 2024 wabunge wetu 195 walipitisha Mswada wa Fedha huku sisi tuko barabarani. Tunaweza kuwarudisha nyumbani kabla ya uchaguzi? (Msomaji, Nakuru)

Kwenye karatasi, ndiyo: ibara ya 104 ya Katiba ya Kenya inawapa haki hiyo. Shida ni utaratibu. Sheria ya uchaguzi ya 2011 iliuzungushia masharti magumu, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikayafuta kadhaa.

Angalau ninyi haki mnayo. Huku kwetu Tanzania, Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba iliiweka haki hiyo mwaka 2013. Mwaka uliofuata ikafika Bunge Maalum la Katiba, ambamo wabunge ndio waliokuwa wengi. Wakaiondoa.