Shida haikuwa machoni

Mwanangu ana disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma maneno. Akiwa na miaka minane, nilikaa mbele yake akisoma, nikawa natazama macho yake tu. Yanatua kwenye neno, yanang'ang'ania hapo, yanasogea kidogo, yanarudi nyuma mara mbili tatu, kisha yanapotea mstari. Nikasema, basi, ugonjwa nimeuona. Tukaanza mazoezi ya macho: kila jioni, kwa miezi minne, alifuata ncha ya kalamu kushoto na kulia. Kalamu aliifuata vizuri sana. Kusoma kukabaki palepale, na mtoto akaanza kuamini kwamba hata macho yake ni mabovu. Hilo linaniuma hadi leo.

Laiti ningejua mapema jinsi macho yanavyosoma! Hayatelezi juu ya mstari, yanarukaruka. Mtu mzima aliyezoea kusoma Kiingereza hutua takriban robo sekunde, akaruka herufi saba hadi tisa, na katika kila miruko 100, kama 10 hadi 15 humrudisha nyuma. Mtoto mwenye disleksia hutua kwa muda mrefu zaidi, huruka hatua fupi, na hurudi mara nyingi zaidi.

Mwaka 1981 mtafiti George Pavlidis alidai kwamba macho ya watoto hawa huyumba hata wakifuata vitaa tu, pasipo maandishi. Wenzake waliporudia jaribio hilo hawakuyapata matokeo yale. Kilichoonekana ni kwamba mtoto huyohuyo akipewa maandishi ya kiwango chake, macho hutulia. Mzazi mwenzangu, jaribu mwenyewe: soma ukurasa wa lugha unayoijua nusunusu. Utasita, utarudi nyuma, na macho yako ni mazima. Jicho linasubiri akili imalize kulitambua neno, na kwa wengi wenye disleksia kazi ngumu ni kuoanisha herufi na sauti zake.

Kapimwe macho kwanza, hilo silipingi kabisa. Kama anahitaji miwani, apewe. Lakini mazoezi ya macho na miwani ya rangi kama tiba ya disleksia, hapana. Madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja mwaka 2009 kwamba hakuna ushahidi wa kuyaunga mkono.

Kwetu kilichosaidia ni sauti. Dakika 15 kila siku: kulivunja neno kwa silabi, kuziunganisha tena, kubadilisha herufi moja na kusikiliza neno linavyogeuka. Vitabu nilivishusha madaraja mawili, nikaweka rula chini ya mstari asipotee. Mwalimu wake akakubali kumwongezea muda wa mtihani. Mabadiliko yalikuja polepole, ila yalikuja.

Na ile kauli ya "mbona unarudi, twende mbele!" niliiacha. Akikutana na neno refu bado hurudi nyuma. Namsubiri, analipata, tunaendelea.