Celica ya 2001 inatoa moshi wa bluu: usikimbilie kununua injini

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili. La kwanza, hiyo Toyota Celica ya 2001 unayouziwa kwa bei nafuu inatoa moshi wa bluu asubuhi, na fundi wako kasema injini imekufa, itafutwe nyingine. La pili, kama gari la spoti la milango miwili lenye umri huo linatunzika hapa Dar au ni kujitafutia presha. Mimi ninayo ya mwaka 2000, chesisi ZZT230, gia za mkono, tangu 2014. Hilo kosa ambalo fundi wako anakuelekeza nimeshalifanya, kwa hiyo naanzia hapo.

2016 gari yangu ilianza kunywa oili, lita moja kila kilomita 800 hivi. Gereji niliyoipeleka wakapima kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa), silinda zote nne zikasoma vizuri, lakini bado wakaniambia injini imechoka. Nikatoa milioni moja na laki nne nikanunua injini used, ikafungwa. Mwezi wa nne nachomoa kijiti cha oili asubuhi, nakuta kikavu. Ugonjwa uleule! Injini niliyonunua ilikuwa ya miaka ileile, na huu ugonjwa ni wa kuzaliwa nao.

Celica ya chesisi hiyo ina injini ya 1ZZ-FE, cc 1,800. Kila pistoni ina ringi tatu: mbili za juu zinashika kompresheni, ya tatu inapangusa oili kwenye ukuta wa silinda. Nyuma ya hiyo ya tatu kuna matundu ya kurudisha oili chini. Kwenye injini za mwanzo matundu yale ni madogo na machache. Oili inabaki pale, inaungua, inakuwa ukoko, matundu yanaziba na ringi inaganda. Toyota walikuja kubadilisha pistoni, na injini za kuanzia kama 2002 kuja juu hazina tabu hii kwa kiasi kile. Ndiyo maana kipimo cha kompresheni kilinidanganya: ringi za juu zilikuwa nzima, aliyekufa ni yule wa tatu ambaye kipimo hakimwoni.

Injini yangu ya kwanza bahati nzuri sikuiuza, ilikuwa kwenye kona ya gereji imefunikwa turubai. Nikampelekea mzee mmoja fundi Ilala. Alipotoa pistoni ya kwanza akaiweka kwenye kiganja changu, akaniambia niisukume ringi ya chini kwa kucha. Haikutikisika kabisa. Akaomba sindano ya kushonea kwa mama lishe wa jirani, akajaribu kuipitisha kwenye tundu la nyuma ya ringi, iligota. Tukalowesha pistoni kwenye petroli usiku kucha, na asubuhi ukoko ukawa unatoka kama masizi ya sufuria, sindano ikapita. Kuta za silinda zilikuwa bado na mistari ya kiwandani iliyopishana, hazina mkwaruzo hata mmoja. Hiyo ndiyo injini niliyoambiwa imekufa.

Tuliweka pistoni za toleo la baadaye, ringi mpya, sili za valvu (vimpira vinavyozuia oili isipite kwenye valvu) na gasketi. Gharama yote, na ufundi ndani yake, haikufika bei ya ile injini used. Hadi leo, kutoka sevisi moja hadi nyingine siongezi oili. Angalizo moja: bloku ya hii injini ni ya alumini na mabomba ya silinda ndani yake ni membamba. Fundi akikuambia akaichonge silinda aweke pistoni za ovasaizi, yaani kubwa zaidi, mkatalie.

Sasa kwa gari unayotaka kuinunua. Moshi wa asubuhi peke yake hautoshi kusema ni ringi. Ukitoka mara moja gari inapowashwa baada ya kulala, kisha ukakata, hizo mara nyingi ni sili za valvu, kazi ndogo zaidi. Wa ringi unatoka ukikanyaga mafuta gari ikiwa imeshapata moto. Weka mtu kwenye gari ya nyuma, teremka mlima umeachia mafuta kabisa huku umo kwenye gia, ukifika chini kanyaga. Mtu wako akuambie ameona nini na wakati gani. Kabla ya yote, mwambie fundi atoe valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini. Aitikise. Isipolia ndani, imeganda, na inaweza kabisa kuwa ndiyo inayokupelekea oili kuungua. Ni kidude cha bei ndogo.

Kuna jambo linaniuma sana kwenye gereji zetu. Gari ikianza kunywa oili inawekewa oili nzito, 20W-50, ili moshi upungue. Moshi unapungua kweli, na ndiyo hila ya wauzaji wengi. Lakini hii injini ina VVT-i, mfumo unaosogeza taimingi ya valvu kwa presha ya oili, na oili inapita kwenye kichujio kidogo mno. Oili nzito inachelewa kufika, kichujio kinaziba, gari inakosa nguvu na taa ya injini inawaka. Weka oili nyepesi, 5W-30, sevisi kila kilomita 5,000, na kijiti chomoa kila Jumapili. Injini inachukua lita 3.7 tu pamoja na filta, kwa hiyo ikipungua lita mbili umebaki na chini ya nusu. Nyingi za injini hizi zilizopasuka hazikuuawa na ringi. Ziliuawa kwa kuendeshwa kavu na mwenye gari asiyefungua boneti.

La pili linaloniuma ni thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta yasizunguke hadi injini ipate moto. Utaambiwa nchi ya joto haihitaji thamostati, fundi anaitoa na kukuwekea maji ya bomba. Injini sasa haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama gari bado ni baridi, na maji matupu yanakula alumini taratibu. Irudishe, na weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta.

Ukikuta oili imetapakaa upande wa mkanda wa feni, usikubali kuambiwa ni gasketi ya hedi. Hii injini inatumia cheni, na tenshena inayoikaza imefungwa kwa nje kwa nati mbili za spana namba 10. Nyuma yake kuna oringi ambayo kwa umri huu imekauka. Oringi yenyewe ni shilingi chache. Ila asiyejua asiiguse: kabla ya kuirudisha, pini ya tenshena inasukumwa ndani na kushikwa na kindoano chake, kisha injini inazungushwa kwa mkono kidogo kinyumenyume ili kindoano kiachie. Ukiwasha bila kindoano kuachia, cheni imelegea, na cheni ikiruka meno valvu zinakutana na pistoni.

Kuhusu spea, hapa ndipo watu wengi wanaogopa kisichostahili. Kwenye injini hii gari si ngeni hata kidogo: 1ZZ imo kwenye Allion, Premio, Wish na Fielder za cc 1,800, zimejaa mitaani. Plagi, koili, sensa, pampu ya maji, vyote Kariakoo unachagua. Taabu iko kwenye bodi. Taa za mbele, bampa, vioo vya milango, fenda, hizo ni za Celica peke yake, na uzalishaji ulikoma 2006. Taa moja ya kushoto niliisubiri miezi mitano. Kwa hiyo mimi nikiwekewa mbili, moja inanywa oili na bodi yake nzima, nyingine injini safi lakini taa imepasuka na bampa limeungwa kwa waya, nachukua ile inayonywa oili.

Mipira yote hesabu imeisha: bushi, maunti za injini, mabuti ya draivshafti. Tairi usiangalie kashata (meno yake), angalia tarakimu nne za mwisho ubavuni. 1219 ni wiki ya 12 ya 2019. Na kama springi zimekatwa ili gari ilale chini, dai bei ipungue, maana utanunua nyingine. Kwa matuta yetu gari hii ilivyotoka kiwandani tayari iko chini vya kutosha.

Kama chesisi inaanza na ZZT231, hiyo ni habari nyingine: injini ni 2ZZ-GE, yenye kamu ya pili inayoamka juu kidogo ya mizunguko 6,000 kwa dakika. Ikiwa imepata moto na oili imejaa, vuta gia ya pili hadi hapo. Lazima usikie sauti inabadilika na mgongo unasukumwa kwenye kiti. Usiposikia kitu, mara nyingi boliti za roka (mikono inayosukuma valvu) zimekatika, ugonjwa wa matoleo ya mwanzo. Zinabadilishwa kwa kufungua kifuniko cha valvu tu.

Wazee wetu waliokuwa wakifuatilia Safari Rally wanaikumbuka Celica ya Ian Duncan, Mkenya, aliposhinda 1994. Ile ilikuwa ya tabo na inavuta tairi zote nne. Hii yetu inavuta mbele tu. Lakini nikiwasha yangu alfajiri na kuingia barabara ya Bagamoyo kabla ya foleni, naelewa kwa nini waliipenda.

Nenda kaione asubuhi na mapema, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti kwanza: ikiwa ya moto, ameshaificha dalili, rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi, chomoa kijiti, piga picha, piga na picha ya kibao cha chesisi, uziweke hapa.