Umehamia mtaani? Usingoje msiba ndipo uulize jumuiya iko wapi

Tumsifu Yesu Kristo.

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa katibu wa jumuiya yetu, Wakatoliki majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, huku Kimara, Dar es Salaam. Karibu kila mwezi anakuja mtu jioni, anasimama nusu ndani nusu nje, anaulizia barua. Mtoto anabatizwa, au binti anatangazwa ndoa, na parokiani wamemwambia alete barua ya jumuiya. Namwuliza anakaa wapi. Kumbe ni nyumba ya tatu kutoka kwangu, na amekaa hapo mwaka na nusu! Barua tunamwandikia, mimi na mwenyekiti, maana mtoto hana kosa. Ila akishaondoka huwa napiga hesabu: huyu tumesali Jumamosi sabini na kitu akisikia nyimbo zetu dirishani, akidhani ni kikao cha michango.

Simcheki. Mimi mwenyewe nilipokuja Dar es Salaam kutoka Mbinga nilikaa miezi minane bila kukanyaga jumuiya. Si kwamba nilikuwa sisali. Misa ya kwanza kila Jumapili, rozari kabla ya kulala, na andiko la kujikingia nilikuwa nalo: Mathayo sura ya 6, ukitaka kusali ingia chumbani, funga mlango. Wageni wengi wananitolea andiko hilohilo hadi leo. Basi huwa nawaomba wasiishie hapo, wateremke mistari mitatu tu. Aliyesema funga mlango ndiye huyohuyo anayewafundisha Baba Yetu, na katika sala hiyo "mimi" hayumo. Utupe leo mkate wetu. Utusamehe. Utuopoe. Hata ukiwa umejifungia peke yako, kila ukiisali unawaombea na wengine. Aliyekemewa pale ni yule anayesimama njia panda ili aonekane anasali. Anayesali na wenzake hakuguswa.

Lakini siyo andiko lililonitoa chumbani. Mume wangu alianguka kazini, akalazwa wiki tatu. Siku ya nne narudi kutoka hospitali jioni, nimekaa kitandani na viatu mguuni, nasikia hodi. Akina mama watano na mzee mmoja. Aliyewaambia ni jirani niliyekuwa nachota maji kwake. Hata jina langu la ubatizo hawakulijua, walinijua kama "mama wa ile nyumba ya uani". Mmoja alikuwa na unga kwenye ndoo, wengine mikono mitupu. Wakatandika mkeka wao wenyewe, wakaanza rozari, matendo ya uchungu.

Sikuweza kutoa sauti. Nikifungua kinywa koo linaziba. Tendo la kwanza likapita, la pili likapita, na zamu ya kuongoza ilipofika kwangu, mama aliyekaa kando yangu akaipokea bila kuniuliza, kama unavyompokea mwenzio mtoto ili afunge kanga vizuri. Usiku ule sikusali hata Salamu Maria moja. Nilisaliwa. Mpaka leo ukiniuliza sala ya pamoja ina faida gani nitakuambia hiyo kwanza: itakuja siku imani yako itashindwa kusimama, na siku hiyo huwezi kuanza kutafuta watu wa kukushika. Wanatakiwa wawe wanakujua tayari. Mimi nilibahatika, nilipata wasionijua.

Mume wangu alitoka, ingawa mkono wa kushoto haujarudi sawa. Sikwambii kwamba aliponywa na rozari ile. Wapo wagonjwa tuliowasalia kwa machozi na Jumamosi iliyofuata tukawazika. Ukija jumuiya ukidhani watu kumi wakiomba sauti inafika haraka kuliko ya mmoja, utavunjika moyo kabla ya Kwaresima. Bwana Yesu mwenyewe kule Gethsemane hakuwachukua Petro, Yakobo na Yohane ili wamwongezee nguvu ya maombi. Aliwaambia wakeshe pamoja naye, maana roho yake ilikuwa na huzuni kiasi cha kufa. Wakalala. Hata hivyo aliwarudia mara tatu. Mimi hapo huwa naona mtu anayetaka tu wenzake wawepo.

Kuna wageni wanaoogopa kwa sababu nyingine: wanajiona imani yao ni ndogo, watatuharibia. Hao nawapeleka Matendo ya Mitume sura ya 12. Petro yuko gerezani, Kanisa linamwombea usiku kucha nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohane aitwaye Marko. Jumuiya kabisa hiyo, nyumbani kwa mtu. Malaika anamtoa Petro, anakuja anagonga. Msichana Roda anaitambua sauti yake, anafurahi mpaka anasahau kufungua, anakimbia ndani kuwaambia. Nao, katikati ya maombi yaleyale ya kuomba Petro atoke, wanamwambia msichana ana wazimu. Petro yuko nje anaendelea kugonga. Hiyo ndiyo jumuiya ya kwanza, na mitume wengi walikuwa bado hai. Sisi wa Kimara tuna afadhali.

Huu utaratibu wetu wa nyumba kwa nyumba, kama ulidhani ni ubunifu wa paroko fulani, una historia. Maaskofu wa Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na jirani zao, katika umoja wao wa AMECEA, walikubaliana mwaka 1973 kwamba maisha ya Kanisa yajengwe kwenye jumuiya ndogondogo, na mwaka 1976 wakakutana Nairobi kulijadili hilo tu. Sababu unaiona mwenyewe Jumapili: parokia imejaa mpaka watu wanasimama nje chini ya turubai, mapadri wawili, na uliyepeana naye mkono wa amani hujui kama amekula. Huwezi kumwombea mtu usiyejua shida yake. Utabaki kuombea "wagonjwa wote", na wagonjwa wote hawana sura.

Ndugu zetu wa makanisa mengine wamelijua hili kwa njia yao. Mama mkwe wangu ni Mlutheri wa Bukoba, wa ndugu wa uamsho. Uamsho ule wenyewe watu huusimulia kuanzia mwaka 1929, Namirembe, Kampala, pale daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alipokutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakakaa pamoja kusoma na kuomba. Wawili tu. Baadaye ukavuka mipaka, na alama yake kubwa ikawa vile vikundi vya kila wiki ambapo mtu anasimama na kutubu waziwazi. Kutembea nuruni, mama anaita. Mara ya kwanza kumsikia akiungama mbele ya wakwe zake kwamba aliwasengenya, nilitamani sakafu inimeze kwa niaba yake. Yeye akakaa, akanywa chai.

Nasema hivyo kwa sababu nataka kukuonya. Sisi hatujafika huko, na usijaribu siku ya kwanza. Nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili wa ukatibu nilikuwa na bidii. Nia zote za Jumamosi naziandika kwenye daftari: tarehe, jina, nia. Mama mmoja, ambaye alikuwa hajamaliza hata miezi mitatu kwetu, akatoa nia kwa sauti ndogo, jambo la ndani ya ndoa yake. Tukasali vizuri sana. Nami nikaandika, jina na jambo. Daftari lile lilikuwa linalala nyumba itakayopokea jumuiya wiki inayofuata, ndivyo tulivyozoea. Kufikia Jumatano yule mama alikuwa ananunua nyanya huku anatazamwa. Hakurudi tena. Nilikwenda kwake mara mbili. Mara ya pili alinifungulia, akanisikiliza nikiomba msamaha, akasema amenisamehe, na hakurudi. Wakahama.

Daftari la sasa lina mahudhurio na masomo basi. Nia tunasikia kwa masikio na tunaondoka nazo. Kwa hiyo wewe mgeni, jambo lako zito lisogeze polepole. Unaweza kusema "nina nia yangu moyoni, naomba mnisindikize," na sisi tutajibu "Ee Bwana, twakuomba utusikie" kwa sauti ileile tunayojibia nia ya mvua. Ukishaona nani anajua kunyamaza, mengine yatafuata. Na ukisikia jambo la mwenzio, usiliulizie njiani mnaporudi. Kuna usengenyaji unaovaa kanzu, unaanza na "tumwombee fulani, mnajua yanayomkuta..." Ukiusikia, kohoa.

Sasa mambo madogo ya kukusaidia Jumamosi yenyewe. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kwa kawaida ni saa moja kasoro dakika tano ndipo tunapata watu wa kutosha kuimba sauti mbili. Njoo hiyohiyo na nusu. Zile dakika za kungoja, mnapopanga viti na kutafuta kiberiti cha mshumaa, ndimo utakapomjua aliyefiwa na aliyepata kazi. Meza ni stuli iliyofunikwa kitenge, msalaba, Biblia, mshumaa kwenye kisosi. Bodaboda zitapita mpaka somo lirudiwe. Zoea.

Tunafuata Hatua Saba, zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, kila mmoja anarudia neno au sentensi iliyomgusa, tunanyamaza, tunashirikishana, tunaangalia la kufanya, tunasali kwa maneno yetu. Wageni wengi wanaogopa hatua ya tano, ya kushirikishana, kwa kudhani wanatakiwa kuhubiri. Hapana. Sema neno moja la somo na kwa nini limekugusa, nusu dakika, umemaliza. Kinachoshinda watu ni hatua ya nne. Dakika tatu za kimya kwenye sebule ya watu kumi na wawili ni ndefu kuliko foleni ya Ubungo. Mtu atakohoa, simu italia. Usizijaze kwa wimbo. Mimi miaka hii tisa, neno lililonibadilisha nimelisikia mara nyingi zaidi humo kuliko kwenye maelezo yetu, na maelezo yetu ni mengi.

Ukisali kwa sauti, omba kitu kimoja, kisha waachie wengine. Tuna mzee wetu, Mungu ampe maisha marefu, akianza na Ibrahimu tunajua chai itapoa. Tunampenda, lakini vijana wawili walikimbia kwa ajili yake, na ilibidi mwenyekiti akazungumze naye nyumbani kwake kwa heshima. Sasa anaanzia kwa Daudi.

Wanaume, na hili naliandika nikiwatazama: msimtume mkeo akuwakilishe. Katika familia kumi na nne tulizonazo, Jumamosi ya kawaida tunapata akina baba watatu. Halafu baba anapougua, anashangaa mbona wanaokuja kumsalia ni wanawake watupu.

Grupu la WhatsApp tunalo. Linafaa kutangaza msiba na kubadilisha nyumba mvua ikinyesha. Ila usijidanganye kwamba ile mikono miwili ya manjano uliyoituma ukiwa kwenye daladala ni sala. Mgonjwa akiihesabu mikono arobaini na mbili na hakuna mtu aliyebisha hodi, anajua alipo.

Michango ipo, sitakuficha. Msiba, ugonjwa, sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya, sehemu yetu ya ujenzi wa parokia. Wapo waliotuacha kwa kuona aibu ya kutokuwa nacho, na hapo kosa lilikuwa letu, tulikuwa tunasoma majina ya wasiotoa. Tumeacha. Mweka hazina anakufuata faraghani, na ukimwambia huna, huna. Ikifika zamu ya nyumba yako, usikope ili upike. Chai ya rangi inatosha, na hata isipokuwepo tutaimba, tutaaga. Chumba kimoja kinatutosha; tumewahi kusali kumi na wanne kwenye chumba kimoja, mimi nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Na kama wewe si Mkatoliki lakini umesoma mpaka hapa, kanisa lako nalo lina kikundi chake mtaani, kiwe kinaitwa jumuiya, seli au ushirika wa nyumbani. Muulize mzee wa kanisa Jumapili hii, usingoje akufuate.

Kwa wa huku kwetu: Jumamosi tuko kwa mama anayeuza vitumbua, uchochoro wa nyuma ya mashine ya kusaga, geti la bluu lisilofunga vizuri. Lisukume kwa bega.