Dawa ya kichocho kameza shuleni, mbona kaambiwa anacho tena?

SWALI: Dokta shikamoo. Sisi tuko Ukerewe, mwanangu wa darasa la 4 alimeza dawa za kichocho shuleni mwaka jana, juzi kapimwa choo wakasema anacho tena. Sa hizo dawa ni feki au?

JIBU: Marahaba mama. Feki sidhani. Praziquantel (ndo hiyo dawa ya kichocho) inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga haiipati vizuri, alafu haizuii maambukizi mapya, kwahiyo mtoto akimeza leo kesho karudi ziwani kuogelea anaanza upya kabisa. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwenye konokono wa majini vinapenya ngozi hata isiyo na kidonda, yani kufua tu au kusimama majini ukichota inatosha. Huko ziwani kichocho kingi ni cha tumbo ndo maana wakapima choo, msikae mnasubiri mkojo wa damu (huo ni wa aina nyingine). Kikiachwa miaka kinaharibu ini.

Arudi kituo cha afya apewe dozi tena, wanakadiria kwa uzito au urefu, ila ale kwanza ashibe maana tumbo tupu kizunguzungu na kichefuchefu vinamsumbua zaidi. Maji ya kuoga yachote mapema yakae kwenye ndoo iliyofunikwa siku 2, bila konokono humo ndani, vijidudu vinakufa vyenyewe, ukiwa na haraka chemsha. Na mtumie choo jamani! Mayai yanafika ziwani na kinyesi chetu wenyewe. Nyie wakubwa pia mkapime, hasa wavuvi, dawa za shuleni haziwafikii.