Kwa nini roketi iwashwe dakika nane nzima huku imefungwa chini?

Mkuu, umeuliza kuna faida gani kuunguza mafuta dakika nane wakati roketi haiendi popote, na dakika moja ingetosha kuonyesha kama injini zinawaka. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Mwanza, wateja wangu wengi wako Mwaloni Kirumba. Jaribio hilo la NASA, shirika la anga la Marekani, la tarehe 18 Machi 2021 nililiangalia laivu kwenye simu mwanzo hadi mwisho. Huku kwetu ilikuwa inakaribia saa sita usiku. Kule Stennis, kituo cha NASA cha kujaribia roketi jimbo la Mississippi, jua lilikuwa bado linawaka.

Kilichofungwa kwenye mnara wa majaribio wa B-2 ni hatua kuu (kiwiliwili chenye matangi na injini) ya SLS, roketi kubwa ya NASA ya safari za Mwezini: urefu mita 65, injini nne za RS-25, na matangi yenye zaidi ya lita milioni 2.7 za haidrojeni na oksijeni ya kimiminika. Mwezi Januari walishaiwasha ikazimwa na kompyuta baada ya sekunde 67. Injini zilikuwa nzima. Mfumo wa haidroliki unaogeuza injini mojawapo ulivuka kiwango ambacho wahandisi walikibana makusudi ili wasiharibu chombo. NASA walieleza kwamba ingekuwa safarini, ingeendelea kuruka. Bado wakarudia.

Walirudia kwa sababu ninayoijua kazini. Mashine ya boti ukiiwasha kwenye pipa la maji uani, itanguruma vizuri na mwenye mali atafurahi. Mpe nahodha aende nayo Ukerewe na mzigo. Ikishapata moto sawasawa ndipo utajua kama pampu ya maji inavuta.

Kwenye roketi mambo ni mazito zaidi. Matangi yanapungua kila sekunde, na gesi inayorudishwa kutoka kwenye injini ndiyo inayoshikilia presha ndani yake. Tangi lililojaa na tangi linaloelekea kukauka hazina tabia moja. Katikati hapo injini zinapunguzwa nguvu, zinaongezwa, zinageuzwa huku na huku. Kamera ya chini ilionyesha midomo yote minne ya injini, pale moto unapotokea, ikiyumba kidogo kwa mpangilio, mwali wake ukiwa hafifu hata unaona ng'ambo. Nilisogeza simu karibu na uso. Kwa fundi, hakuna kitu kizuri kama kile.

Lile wingu jeupe kubwa ni mvuke, si moshi. Haidrojeni ikiungua na oksijeni inatoa maji, na juu yake kuna maji mengi mno yanayomwagwa chini ya mnara kupoza chuma kinachopokea moto.

Wahandisi walishasema dakika nne zingewapa sehemu kubwa ya data. Zilipopita, nilisimama. Injini zilizimwa kwenye sekunde 499.6, nikapiga makofi peke yangu usiku ule.

Jambo lingine: hatua hiyohiyo, si mfano wake, ndiyo iliyoruka tarehe 16 Novemba 2022 kwenye Artemis I, safari ya kuzunguka Mwezi bila watu ndani.

Ukitafuta video, chukua ya Machi, usichukue ya Januari. Tumia bando la kutosha uiangalie yote bila kurukaruka, na ukifika pale injini zinapoanza kugeuzwa, ongeza sauti.